Kesi Umeipata, Lakini Bado Iko Hai?

Muhula ukifunguliwa tu, swali lilelile hurudi kutoka kwa wanafunzi wa sheria wa Kampala, wawe Makerere, Kansanga au kwenye foleni ya kuingia Law Development Centre, LDC: ya nini kupoteza asubuhi nzima kwenye mafunzo ya maktaba ilhali hukumu ziko bure kwenye tovuti ya ULII na simu iko mfukoni? Wanaouliza si wavivu. Wengi wamekwisha kukaa kwenye mafunzo ambamo hifadhidata zilifunguliwa moja baada ya nyingine, wakaonyeshwa pa kubonyeza, kisha wakatoka na nywila ambazo hawakuzitumia tena. Kuwajibu kwamba "maktaba ni muhimu" ni kuwapotezea muda mara ya pili.

Jibu langu ni hili. Zamani maktaba ya sheria ilifundisha namna ya kuipata kesi, kwa sababu kuipata ndiko kulikokuwa kugumu. Siku hizi kesi inajileta yenyewe. Kilichobaki kigumu ni kujua kama ulichokipata bado ni sheria: kama hakijatenguliwa na mahakama ya juu zaidi, hakijafutwa na Bunge, hakijahamishiwa namba nyingine, au kama kiliwahi hata kuwapo. Hilo ndilo la kufuata kwenye mafunzo. Kama unakwenda kujua rafu ziko upande gani tu, ni kweli, ungemuuliza mlinzi mlangoni.

## Namba zilihama Julai 2024

Toleo la saba la Sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, likachukua nafasi ya toleo la mwaka 2000. Kanuni ya Adhabu, ambayo mawakili walizoea kuiita Sura ya 120, sasa ni Sura ya 128. Sheria ya Ardhi imetoka 227 ikawa 236. Sheria ya Ushahidi imetoka 6 ikawa 8. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai imeruka kutoka 71 hadi 282. Sheria zilizotungwa baada ya 2000, zilizokuwa zikitajwa kwa mwaka wake, nazo zimepewa sura: Sheria ya Ajira ya 2006 sasa ni Sura ya 226. Na ndani ya sheria hizo vifungu navyo vimesogea. Kosa la kuua kwa kukusudia, lililozoeleka kama vifungu vya 188 na 189, sasa liko kwenye vifungu vya 171 na 172.

Utasema hizo ni namba tu, maneno ni yaleyale. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mfikirie mwanafunzi mwenye madokezo aliyonunua kwenye maduka ya fotokopi ya Wandegeya, yaliyoandikwa na mtu aliyehitimu 2019. Hoja zimepangwa vizuri, mwandiko unasomeka, ila kila kifungu kinampeleka kwenye mlango wa jirani. Kwa upande mwingine, hukumu zote za kabla ya Julai 2024 zinatumia namba za zamani na zitabaki hivyo daima, kwa hiyo anayejua namba mpya pekee atashindwa kuzifuata. Unazihitaji zote mbili. Jambo la kwanza la kumwomba mkutubi, basi, ni jedwali la kulinganisha namba za zamani na mpya kwa sheria unazosoma mwaka huu. Kama maktaba yenu haina, kaeni wawili watatu mlitengeneze, somo moja moja. Ni kazi ya jioni mbili na itawafaa hadi mtihani wa mwisho.

Tahadhari moja hapa. Unaponukuu maneno ya jaji wa 2012, usimbadilishie namba ya kifungu ili ifanane na toleo jipya. Iache alivyoiandika, kisha nje ya alama za nukuu useme kwa maneno yako kifungu hicho sasa ni kipi. Anayesahihisha namba ndani ya nukuu amemwekea jaji maneno mdomoni.

## Swali moja, hatua tano

Chukua swali linaloonekana jepesi: nchini Uganda, mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, je, jaji analazimika kumhukumu kifo? Aliyeshika nakala ya zamani ya Kanuni ya Adhabu atajibu ndiyo bila kusita, maana kifungu kilisema hivyo waziwazi. Aliyesoma magazeti atajibu hapana, akiongeza kwamba adhabu ya kifo ilifutwa na kesi ya Kigula. Wote wawili wamekosea, na kila mmoja ana karatasi mkononi ya kuthibitisha kosa lake. Njia ya kutoka hapo ni hii:

1. Soma kifungu chenyewe, katika toleo la 2000 na la sasa, ukiweka maandishi mawili sambamba.
2. Soma Katiba ya 1995. Ibara ya 22(1) inaruhusu uhai kuondolewa kwa kutekeleza hukumu ya kifo iliyotolewa katika kesi ya haki na kuthibitishwa na mahakama ya mwisho ya rufaa.
3. Tafuta ni nani amekipinga kifungu hicho mahakamani. Utamkuta Susan Kigula na wenzake 417: Mahakama ya Kikatiba iliamua shauri lao 2005, na Mahakama ya Juu ikaamua rufaa Januari 2009.
4. Tafuta Bunge lilifanya nini baada ya hukumu. Mwaka 2019 lilipitisha sheria ya kurekebisha adhabu katika makosa ya jinai, ikauondoa ulazima huo kwenye sheria zenyewe.
5. Soma hukumu mbili tatu za karibuni za Mahakama Kuu uone majaji wanaitumiaje kanuni hiyo wanapopanga adhabu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu hapo watu huacha kusoma na kuanza kusimulia. Mahakama ya Juu haikusema kuwa adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba, ilisema inaruhusiwa. Kilichoanguka ni ulazima wake, yaani sheria kumfunga jaji mikono asisikilize lolote kuhusu mshtakiwa kabla ya kumhukumu. Kisha ikaongeza jambo la pili ambalo wasimulizi hulisahau: aliyekaa akisubiri kunyongwa kwa zaidi ya miaka mitatu tangu mahakama ya mwisho ithibitishe adhabu yake, adhabu hiyo ichukuliwe kuwa imegeuka kifungo cha maisha. Hayo hayamo kwenye kichwa cha habari, na muhtasari mfupi unaweza kuyabana hadi yasionekane. Mafunzo ya maktaba yanayomchukua mwanafunzi hatua hizo zote tano kwa swali moja yana thamani kuliko yale yanayomwonyesha hifadhidata kumi kwa saa moja.

## Mahakama moja, kofia mbili

Mahakama ya Rufaa ya Uganda ndiyo hiyo hiyo inayokaa kama Mahakama ya Kikatiba, kwa mujibu wa Ibara ya 137. Kwenye ULII, hata hivyo, hukumu zake ziko kwenye makusanyo mawili: UGCA kwa kazi ya rufaa na UGCC kwa kazi ya Katiba. Za Mahakama ya Juu ni UGSC. Mwanafunzi anayetafuta ndani ya kusanyo moja, asione kitu, kisha akaandika kwenye tasnifu kwamba suala hilo halijawahi kuamuliwa, amefanya kosa ambalo msimamizi wake ataliona kwa dakika moja.

Zito zaidi ni kuishia kwenye hukumu ya chini. Mfano ni shauri la Mifumi kuhusu mahari. Mwaka 2010 Mahakama ya Kikatiba ililitupa ombi. Anayeishia hapo ataandika kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ilipita salama. Lakini Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliikubali rufaa kwa sehemu: mahari yenyewe ikaachwa, na kuidai irudishwe kama sharti la kuvunja ndoa ya kimila kukatangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda waliopinga kosa la kutangaza habari za uongo: walishindwa Mahakama ya Kikatiba, wakashinda Mahakama ya Juu 2004. Ibara ya 132(4) inasema mahakama nyingine zote zinafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu katika masuala ya sheria. Kwa hiyo kila unaposhika hukumu ya UGCC, swali la kwanza ni kama ilikatiwa rufaa.

Hata Sheria ya Bunge iliyochapishwa na kutiwa saini huweza kukudanganya. Ukomo wa mihula ya urais katika Ibara ya 105 uliondolewa 2005. Sheria ya kurekebisha Katiba ya 2018, ileile iliyoondoa kikomo cha umri wa rais, iliurudisha. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Kikatiba, ikisoma hukumu yake Mbale, iliacha suala la umri lilivyo, ikafuta urejeshaji wa ukomo wa mihula pamoja na nyongeza ya miaka miwili kwa wabunge. Mahakama ya Juu ikaunga mkono Aprili 2019, majaji wanne kwa watatu. Ukiichapa Sheria ya 2018 leo bila kuisoma pamoja na hukumu hizo, zinazojulikana kama shauri la Mabirizi, unashika karatasi halisi ya serikali yenye maneno ambayo si sheria.

Hao majaji wanne kwa watatu wanatuletea onyo jingine. Katika mashauri makubwa majaji wetu mara nyingi huandika kila mmoja hukumu yake. Kutafuta neno kwenye faili la kurasa mia kadhaa kutakupeleka moja kwa moja kwenye sentensi tamu ya jaji aliyekuwa upande wa wachache. Kabla hujainukuu, nenda kwenye kurasa za mwisho, hesabu nani alikubaliana na nani, kisha rudi.

## Jiandae hivi

Mafunzo mengi huwa mabaya kwa sababu wahudhuriaji hawana wanachokitafuta. Mkutubi aliyeletewa chumba cha watu wasio na swali hana njia ila kuonyesha vitufe.

- Nenda na swali halisi: la insha, la tasnifu, au hoja mliyopewa kwenye mashindano ya kesi za kuigiza. Liandike kwa sentensi moja.
- Nenda na kesi moja uliyokwisha kuipata, uombe uonyeshwe namna ya kujua imetajwa wapi baadaye. Orodha ya nyaraka zilizoitaja hukumu, popote uikutapo, ichukulie kama mwanzo, si mwisho.
- Hakikisha akaunti yako ya kusoma hifadhidata ukiwa nje ya chuo inafunguka kabla ya kuondoka chumbani. Hii ndiyo kero inayotajwa kuliko zote, na papo hapo ndipo pa kuimaliza.
- Uliza chuo kinalipia nini mwaka huu. Usajili wa hifadhidata za nje hubadilika, na aliyekuambia "tunayo HeinOnline" huenda alihitimu zamani.
- Toka na kumbukumbu: maneno uliyotafutia, kusanyo, tarehe. Msimamizi akikuuliza umejuaje kuwa hakuna hukumu nyingine, hilo ndilo jibu lako.

Kwa wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni, pingamizi la muda ni la kweli na sitalipuuza. Kwenu, nusu saa mezani kwa mkutubi, kwa miadi na swali mkononi, yafaa kuliko kikao kizima cha watu sitini. Omba hiyo, si upendeleo, ni sehemu ya kazi yake.

## "Akili mnemba inanitafutia"

Inatafuta, ndiyo, na pia inabuni. Juni 2023 jaji wa New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT, zikiwa na majina, mahakama na nukuu zake, ilhali hazikuwahi kusikilizwa popote. Ukidhani hayo ni ya mbali, Januari 2025 Mahakama Kuu ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ilikutana na jambo la aina hiyohiyo katika shauri la Mavundla. Sisemi msiitumie. Kuiomba ikueleze neno gumu au ikupe maneno ya kutafutia ni sawa. Ila kila kesi inayokutajia ichukulie kuwa ni uvumi mpaka umeifungua mwenyewe mahali inapohifadhiwa.

Kuna anayejibu: basi nitaiuliza kama kesi hiyo ni ya kweli. Huko ni kumfanya shahidi ajithibitishe mwenyewe, na somo la ushahidi lilikwisha kukukataza. Na kwa sheria ya Uganda hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa maandishi mengi yaliyoko mtandaoni ni ya kabla ya Julai 2024. Hata jibu lisilobuniwa litakuja na namba za zamani, kwa lugha ya mtu mwenye uhakika.

## Rafu bado zina kazi

Hukumu za zamani haziko zote mtandaoni, na zilizoko si lazima ziwe kamili. Ripoti za East African Law Reports zilizoanza 1957, zile zinazotajwa kwa herufi EA, zina kesi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja. Ukiona [1966] EA 514, hiyo ni mwaka, mfululizo na ukurasa: shauri la Matovu, lililoamuliwa Kampala na kuikubali Katiba ya 1966 kama tunda la mapinduzi yaliyofanikiwa. Lakini kesi inayoanza ukurasa wa jirani huenda ni ya Nairobi, na jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya hamfungi jaji wa Uganda. Tazama mahakama kabla ya kutazama hoja.

Matovu pia ni mazoezi mazuri ya kufuata mizizi. Iliegemea uamuzi wa Pakistan wa 1958, shauri la Dosso. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Pakistan yenyewe iliukana uamuzi huo katika shauri la Asma Jilani. Hilo haliifuti Matovu nchini Uganda, ila anayeitumia bila kulijua atashangazwa na mpinzani wake kwenye kesi ya kuigiza, mbele za watu.

Kuhusu High Court Bulletin, zile HCB za LDC: ni muhtasari. Zinakuonyesha kesi ipo na ilihusu nini. Usizinukuu kana kwamba umesoma hukumu nzima. Na kwa nyaraka za serikali zilizopotea kwingine, kumbukeni kwamba maktaba kuu ya Makerere imekuwa ikipokea nakala za machapisho ya nchi kisheria tangu 1958. Hapo panda ngazi ukaulize, mtandao hautakusaidia.

Neno moja kwa mliotoka Tanzania na Kongo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, ila hukumu za mahakama za hapa mtazisoma kwa Kiingereza. Tanzania ilibadili sheria 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hiyo anayelinganisha nchi hizi mbili atafute kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, kwa lugha zote mbili. Akitafuta kwa Kiingereza pekee ataziacha nje hukumu ambazo pengine ndizo mpya kuliko zote.

## Ukikwama

Mkutubi si wakili wako. Hatakuambia kama utashinda. Atakuambia ni wapi pa kutazama, na atafanya hivyo upesi ukimwambia mambo manne: swali lako, mahakama, kipindi cha miaka, na ulikokwisha kutafuta. "Natafuta kesi ya ardhi" halimsaidii yeyote.

Hukumu isipokuwepo mtandaoni wala rafuni, kilichobaki ni masjala ya mahakama iliyoitoa. Huko usiende na jina la mdaiwa pekee. Majina ya Kiganda huandikwa kwa s moja kwenye faili moja na kwa s mbili kwenye jingine: Semogerere na Ssemogerere ni mtu mmoja, ila kwa kompyuta na kwa karani mwenye haraka ni wawili. Tanguliza namba ya shauri na mwaka, kisha aina yake, liwe ombi, rufaa au kesi ya madai, kwa sababu kila aina ina daftari lake. Jina liweke mwisho, kwa tahajia zote mbili.